Moto wa Kwanza Bila Wewe

Shangazi yangu mpendwa,

Mwaka huu tumechoma rweya bila wewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipandisha rweya, mbuga ile ya nyasi juu ya kisiwa, ziwa likionekana pande zote? Ulichoma upande mmoja tu kila mwaka. Wa pili uliuacha nyasi zirefuke, kwale watagie humo. Wanawake walipokuja na mundu kukata nyasi za kutandika sebuleni, uliwaomba wasubiri hadi vifaranga waweze kukimbia. Nilipokuuliza kwa nini tuhangaike hivyo, ulisema, "Nao wana nyumba, mwanangu." Basi. Ukaendelea kufunga mzigo wako.

Baada ya mazishi yako, kaka yangu Deo aliwaambia wanaukoo kwamba rweya haizalishi kitu, heri yote ipandwe mikaratusi. Sikumlaumu, ana watoto shuleni, na kibanja chake cha migomba kimechoka. Nilimwomba tu twende naye juu kabla ya kuamua. Tulikaa kwenye nyasi asubuhi nzima, mbayuwayu wa bluu wakipita chinichini, karibu watuguse magoti. Kisha Deo akasema, "Miti ikifika hapa, hawa hawarudi."

Wazee walikubali mikaratusi iishie mteremkoni, juu pabaki nyasi. Hatukupata yote, Shangazi. Mteremko ule uliopenda kupumzikia sasa umejaa miche.

Siku ya kuchoma, upepo uligeuka. Moto ukaingia kwenye nyasi ndefu, nami nikasimama nikikuita kimoyomoyo. Deo na majirani waliupiga kwa matawi mabichi mpaka ukazimika, lakini sehemu kubwa ilikwisha kuungua. Wewe ungejua kwamba siku ile haikuwa ya kuwasha moto.

Mvua zimenyesha, nyasi zimechipua, na mbayuwayu wamekuja, ingawa wachache. Kwale sijawasikia bado.

Juzi Deo alinipigia simu hapa Kibeta, ng'ambo ya ziwa, akaniuliza mwakani tuchome upande upi. Nikafungua kinywa kumwambia asubiri kidogo, nimuulize Shangazi.

Lala salama. Jumamosi navuka kwenda kukupalilia kaburi.

Binti wa kaka yako