Nimemdanganya Mke Wangu kwa Waffle

Mpendwa mshauri, pokea salamu halafu shika kiti vizuri, maana anayekuomba msaada leo si mtu wa kawaida, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nimechomelea mageti ya wakubwa na matangi ya meli katika bandari tatu, shule niliachia darasa la sita lakini dunia nimeisoma yote, na huko bandarini ndiko nilikoonja waffle, ule mkate wa mayai na maziwa unaobanwa kati ya vyuma viwili ukatoka na vishimo vya mraba, nikarudi nyumbani nikaunda chuma changu mwenyewe kwa mabaki ya geti, na tangu hapo kila Jumamosi asubuhi jiko ni langu, mama watoto anakaa kama malkia, binti zetu wawili wanagombania ya kwanza, na majirani wanakuja kuazima chumvi wasiyoihitaji.

Sasa miezi miwili iliyopita daktari akamwambia mke wangu sukari yake imepanda, apunguze unga mweupe na vitamu, nami nikapiga kifua, "Mama, waffle huachi, nitakupikia za afya, umesahau umeolewa na nani?" Jumamosi hiyo nikatia unga wa ngano isiyokobolewa, nikatoa sukari, nikatoa mafuta hata tone, na mshauri wangu, kitu kiliganda kwenye chuma nikakibandua kwa bisibisi. Binti mkubwa akauliza, "Baba, hii ni ya kula au ya kuziba pancha?" Wakacheka, nikacheka, lakini ndani niliungua, maana kilichoaibika ni chuma changu, na mimi nakitunza kuliko pikipiki, kila Ijumaa nakipiga msasa mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake.

Basi Jumamosi iliyofuata nikarudia unga mweupe na sukari yangu ile ile, nikatia kakao kidogo ipate rangi ya afya, nikasema ni unga usiokobolewa. Mke wangu akala tatu, akanishika mkono, akasema, "Baba watoto, kweli unanipenda." Nimeendelea hivyo mpaka leo. Jumatatu amepimwa, imepanda zaidi, na anajilaumu yeye, ameacha matunda, ameacha chakula cha jioni, na Jumatano ijayo daktari anataka kumwongezea dawa. Nikikiri, ataniamini tena?

Fundi Moto

*

Fundi Moto, nilicheka mpaka kwenye bisibisi. Kwenye kakao nikaacha. Mwenzio anashinda na njaa akilipia kosa lako, na wewe unaniuliza habari za kuaminiwa! Umeingia ndani ya matangi ya meli, ukashindwa kuvumilia kicheko cha mwanao?

Najua hukutaka kumuumiza. Ulitaka kubaki bingwa. Ila hata chuma chenyewe hukijui, kaka yangu. Chuma cha kupikia kinataka weusi wake wa mafuta yaliyokolea, na wewe kila Ijumaa unakivua nguo kwa msasa halafu unashangaa kinang'ang'ania unga. Kipake mafuta kwa kitambaa, kiweke motoni mpaka kiache kufuka moshi, kipoe, rudia mara tatu. Msasa upeleke kwenye mageti.

Na kutoa mafuta yote, nani alikwambia? Chukua unga wako usiokobolewa vikombe viwili, mayai mawili, maziwa ya kutosha kupata rojo zito, vijiko viwili vya mafuta, kijiko cha chai cha baking powder, mdalasini, na nusu ya ndizi mbivu iliyopondwa. Sukari hapana. Mama ale moja, na yai pembeni, si tatu. Halafu rojo ulifunike dakika ishirini, unga ule ni mgumu, unataka muda wa kunywa maziwa. Ulipokosea mara ya kwanza, hukusubiri.

Usingoje Jumamosi. Pika leo ukitoka kazini, yeye akiwa hapo hapo jikoni. Ukishafunika bakuli, zile dakika ishirini ndizo zako: mwambie yote, na kakao uitaje. Akinyamaza, usijitetee. Akifoka, usitoke kwenda kuangalia pikipiki. Kisha ale chakula cha jioni kama kawaida.

Jumatano mfuate kliniki, na daktari asikie kwa mdomo wako kabla hajashika kalamu.

Waffle ya kwanza mpe binti mkubwa. Akikuuliza kama ni ya pancha, safari hii ucheke kweli.