Kabla Hujaulizwa Peke Yako

Kibakwe, upande wa Mpwapwa
21 Aprili 1912

Kwa Yoramu Matonya
Shule ya juu, Dar es Salaam

Mpendwa mwanangu Yoramu,

Mbukwa, mwanangu, nianze na salamu ya kwetu. Shikamoo yako imefika, nami naiitikia marahaba kwa moyo wote. Kifua chako kinaendeleaje? Kabla ya mvua ulituandikia kwamba hewa ya pwani inakukohoza, na katika barua hii ya sasa hukutaja neno. Sijui kama umepona au umesahau tu kutuambia. Tafadhali niambie, maana wewe ukinyamaza mimi shangazi yako huwaza mabaya.

Sisi huku tu wazima. Baba yako anachechemea kidogo kwa sababu ya goti, lakini ukimwambia apumzike atakuuliza ni nani atakayechunga. Mama yako hajambo. Kutwa yuko juu ya dungu shambani akifukuza ndege, na sauti yake naisikia mpaka hapa ninapofundishia wasichana. Uwele umekubali sana mwaka huu. Ndege nao wamepata habari.

Barua yako aliileta Elieza, yule anayepeleka ngozi stesheni ya Gulwe. Niliisoma kwanza peke yangu, halafu nikawasomea wazazi wako uani, kwa Kigogo, bila kuruka kitu, kama ulivyoniomba. Yaliyotokea uani nitakueleza baadaye. Kwanza tuzungumze mimi na wewe.

Niyarudie niliyoyaelewa, nawe unisahihishe nikikosea. Anatafutwa kijana mmoja wa kwenda Berlin, katika chuo kikuu, akawasaidie wanaojifunza Kiswahili, na saa zinazobaki akae mwenyewe kusikiliza masomo. Wewe ni mmoja wa waliotajwa. Bwana Mwalimu alipowajaribu, alikusimamisha akakuuliza habari za mito ya Ulaya tangu mwanzo, ukabaki kimya mbele ya darasa zima. Mwenzenu Seleman akasema, “Mngojeeni jamani, Mgogo huyu hafungui kinywa mpaka aanzishiwe!” Wote wakacheka, hata rafiki zako. Sasa utaulizwa tena mwezi wa sita, na wewe unaona ni heri uache shule utafute kazi kwenye reli.

Mwanangu, usinikasirikie, lakini Seleman alisema kweli bila kujua. Mwenyewe umenieleza, tena kwa fahari, jinsi mnavyosoma jioni wewe na Sila na Silvano, ninyi watatu mliotoka huku kwetu. Sila anaanza, wewe unapokea, Silvano anamaliza. Mnasema kwa sauti, tena na tena, mpaka mnaweza bila kitabu.

Hivyo ndivyo tunavyoimba huku nyumbani. Kwenye ngoma ya mavuno kila mtu ana sauti yake na mahali pake pa kuingilia. Hakuna anayeuimba wimbo wote, na uzuri wa wimbo umo humo. Wewe tangu mdogo sauti yako ni ya kati. Kwa hiyo mmekichukua kitabu mkakigawana kama wimbo. Mkiwa watatu, mnajua kila kitu. Ukiwa peke yako, unajua katikati. Bwana Mwalimu alitaka mwanzo, na mwanzo uko kwa Sila.

Huo si ujinga, wala si uvivu. Mzungu hawezi kuligundua kosa hilo kwa sababu hajasimama katika ngoma zetu, na mtu wa pwani atacheka tu. Mimi nililiona mara moja, maana kila mwaka wasichana wangu hulifanya. Msifarakane wala msiache kusoma pamoja. Ila badilishaneni nafasi. Leo wewe uanze, kesho umalize, Sila akae katikati ajionee taabu yake. Mkishamaliza kupokezana, kila mmoja aondoke aketi mbali na wenzake, aseme habari yote peke yake toka juu hadi chini. Mwanzoni utaona aibu kujisikia. Itapita.

Tena usiseme maneno ya kitabu. Hilo ndilo gumu zaidi. Nina msichana hapa anaitwa Ruthu, ana akili nyepesi kupita wote niliowahi kufundisha. Nilimpa sura nzima akaja nayo kesho yake bila kosa. Nikamuuliza jambo lililomo katikati ya sura. Akatazama juu, midomo ikaanza kuchezacheza, nikajua anarudi mwanzo ili afike pale nilipomwulizia. Nikamwambia, “Ruthu, unakwenda wapi?” Akanijibu, “Nakuja, Mwalimu, nimekaribia!” Tulicheka sote, naye akacheka. Lakini nilimtuma nyumbani akamweleze bibi yake habari ile kwa maneno ya nyumbani. Bibi alimsumbua kwa maswali mpaka mtoto akalia. Siku hizi Ruthu unaweza kumwuliza popote.

Wewe huna bibi huko, basi mchukue baba yako. Ukifunga kitabu, mweke kaka yangu mbele yako na fimbo yake, umweleze mto ule wa Rini kwa Kigogo. Unajua atakavyouliza. Maji yanatoka wapi? Kwa nini kiangazi hayakauki, watu wakalazimika kuchimba mchangani kama sisi? Ng'ombe wanashukia wapi kunywa, na nyasi za ukingoni ni za nani? Usipoweza kumjibu, usijidanganye kwamba unaujua mto. Fungua kitabu utafute. Kama jibu halimo kitabuni, lipeleke swali hilo kwa Bwana Mwalimu. Atapenda. Mwalimu huchoka na wanafunzi wanaorudisha maneno yake kama yalivyotoka, naweza kukuapia.

Sasa habari ya chuo kikuu. Mimi sijakiona na sitakiona, nisikudanganye. Ila yule Bibi wa Kizungu aliyenifundisha misheni Mpwapwa alikuwa na ndugu yake aliyesoma huko kwao, na alinisimulia mengi. Anasema mwalimu huingia, husema mara moja tu, hutoka. Hakuna kuitikia pamoja. Hakuna anayekuuliza kesho yake kama umeelewa. Unaachwa hivyo miezi mingi, halafu siku moja unaitwa wewe na kichwa chako. Ndiyo maana nakusihi uanze kujizoeza sasa, ungali na Sila na Silvano karibu.

Bwana Mwalimu anaposema, usijaribu kuandika kila neno. Mkono utabaki nyuma na masikio yatausubiri mkono. Weka ubao wako magotini, usikilize jambo mpaka lishuke, kisha uandike neno moja au mawili ya kulikumbukia. Darasa likiisha, kabla ya mpira na kabla ya chakula, kaa uyatazame maneno yale na ulisimulie jambo zima upya. Neno lisilokurudishia kitu, liwekee alama, umfuate mwenzako akukumbushe. Ukiliacha mpaka wiki ijayo litakuwa limekufa.

Na kingine, kwa sababu nakujua. Wewe hupenda kurudia unalolijua. Ulipokuwa hapa, hesabu za kujumlisha ulizifanya mpaka ubao ukachoka, na zile za kugawanya ukazikwepa kama mbuzi anavyokwepa maji. Asubuhi, akili ikiwa safi, anza na kinachokuuma. Kitamu kitakungoja. Ukichoka, lala. Mtu asiyelala husoma kwa macho tu.

Sasa nikueleze ya uani.

Nilipofika mahali unaposema utaacha shule, mama yako alipiga kigelegele. Kweli, Yoramu, hata kuku walikimbia. Akaniambia, “Wifi, mwandikie arudi leo! Kazi ya reli iko hata hapa Gulwe, atakuwa anakuja kula kwangu.” Baba yako akauliza kama huko Berlin kuna ng'ombe. Nikasema wapo, tena wakubwa. Akasema, “Basi watu wake watakuwa na akili. Na aende.” Mama yako akamgeukia, “Wewe uliwahi kuzaa?” Sitakuandikia yote yaliyofuata.

Kesho yake mama yako hakuja kunisalimu. Alipita njia ya nyuma kwenda shambani, na siku hiyo ndege walifukuzwa kwa hasira. Mimi nilikuwa nimeshaanza barua hii, nikaiweka chini. Niliona haya kuendelea. Ninayekuandikia sikukuzaa. Nilikufundisha a na be, nikakupandisha gari la moshi, na kila hatua niliyokusogeza mbele, yeye ilimwachia nyumba tupu zaidi. Hata mimi, nikisema kweli, nikiwaza bahari yote hiyo na baridi ninayoisikia, na kifua chako hicho, mkono unakuwa mzito.

Siku ya tatu alikuja hapa shuleni, wasichana walipokwisha kutoka. Aliketi kwenye benchi lao la mbele, na karanga zake kwenye ungo, akawa anabangua. Halafu akaniuliza, “Wifi, hayo unayomwandikia, akiyafanya atapita?”

Nikamwambia sina hakika, ila naona atapita.

“Na usipomwandikia?”

“Naona atakosa, arudi.”

Akabangua karanga nyingine, akanipa mkononi. “Akirudi hivyo,” akasema, “atakuwa anachukua chakula changu huku anaangalia upande wa reli. Namjua. Alivyokuwa mdogo ukimnyang'anya kitu halii, anakitazama tu.” Kisha akasema, “Mwandikie. Mwandikie vizuri, usimfiche hata moja.” Akakaa palepale mpaka nikachukua kalamu. Kila nilipofika mwisho wa ukurasa aliniuliza nimesema nini, nami nikamsomea. Ile habari ya kumweleza baba yako mito ilimpendeza sana. Anasema umwongeze na yeye, maana ana swali lake. Huo mto wa Rini, mtu akiwa ng'ambo ya pili, anaweza kumwita mtu wa ng'ambo hii akasikika? Umtafutie jibu la kweli.

Kwa hiyo, mwanangu, simama mwezi wa sita ukaulizwe. Hilo ndilo tunaloomba sote watatu. Ukipita utakwenda, na sisi tutajifunza kungoja. Usipochaguliwa baada ya kusoma hivi, njoo nyumbani bila kuona aibu, hakuna hapa atakayekucheka, na mimi nitakupa darasa la wavulana ulifundishe. Nisilotaka ni urudi kwa sababu ya kicheko cha Seleman. Na huyo Seleman, mwombe asome nanyi jioni. Mtu mwenye ulimi kama huo anafaa kuuliza maswali.

Salamu nyingi kwa Sila na Silvano, waambie mama zao ni wazima na mvua iliwatosha. Raheli, dada yako, anakusalimu, na mwanawe amepata jino jipya. Mzee Gideoni anakuombea kila Jumapili kwa sauti kubwa, mpaka watu wote wa kanisani wanajua una mtihani. Ruthu naye anasema umwandikie kama ni kweli maji yote ya bahari yana chumvi au ni ya ukingoni tu.

Mungu akulinde kifua na akili. Akutangulie unapoingia darasani, na akuketishe mahali pema popote utakapopelekwa.

Nilitaka barua hii nimpe Elieza, anakwenda Gulwe keshokutwa na ngozi zake. Mama yako amekataa. Anasema Elieza husimama njiani kwenye pombe za watu. Kesho atamwachia Raheli dungu, aondoke na jua, aende kwa miguu yake mpaka stesheni, aitie barua mkononi mwa karani mwenyewe, na asubiri mpaka gari la moshi liondoke nayo.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye daima,

Hana