Kwa Adongo, kuhusu insha ya madereva wawili

Mpendwa pacha wangu Adongo,

Jana mama wa mandazi aliniwekea mawili kwenye karatasi, akauliza kama kawaida yake, "Na mwenzako?" Nikamwambia uko Tororo. "Bado?" akasema, lakini lile la pili hakulitoa. Unajua watu wetu walivyo: pacha mmoja akipewa kitu, na mwingine lazima apewe, hata kama hayupo. Nilikula langu njiani. Lako nililishika mpaka likapoa. Nyumbani nilimpa mama, akaliweka kwenye bakuli, akalifunika. Ni miezi saba tangu uende, na bado tunakufunikia vitu.

Kutoka uwanja wa shule hapa Malaba ninauona mwamba wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, kila asubuhi kukiwa hakuna ukungu. Ni karibu hivyo. Wenzangu wakifumba macho kwa sala, mimi huangalia huko, nikijiuliza kama umeshaamka, na siku hizi nani anakusuka nywele.

Unaikumbuka ile orodha ya Madam wa Kiingereza? Alijaza ubao misemo ishirini ya Kiingereza, yote ya umoja na kushikamana, akasema kufikia Ijumaa kila mtu awe ameikariri. Sisi tuliigawa kama tulivyogawana kila kazi tangu darasa la kwanza: wewe kumi, mimi kumi, kisha tunafundishana. Jioni tulikuwa tukiwapelekea madereva wa malori yaliyopanga foleni kuingia Uganda chai aliyopika mama. Wewe ulibeba chupa, mimi vikombe na daftari.

"Joined at the hip," nilikusomea. "Ni watu wasioachana, kama wameunganishwa kwenye nyonga."

"Ai! Na chooni wataendaje?"

"Adongo, kariri."

"Si nakariri. Lakini huyo Mzungu hakufikiria."

"In the same boat" ulisema hatuwezi kuutumia, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kupanda boti, na mto wetu tunauvuka kwa daraja. "Under one roof" ulisema huo hata haukaririwi, tunalala chini ya paa moja kila usiku. Ule ulioupenda ni "through thick and thin". Nilikueleza kwamba ni kukaa pamoja katika raha na katika shida. Ukasema hapana, huo ni uji: mzito ni wa mama, mwepesi ni wa shule, na rafiki ni yule mnayekunywa naye wote. Dereva aliyekuwa akitusikiliza alicheka mpaka akamwaga chai. "Huyu mdogo ni mwalimu," akasema. "Na wewe mkubwa, mbona umenyamaza? Ulimi umeuacha nyumbani?" Nilijificha nyuma yako na vikombe vyangu. Ulikuwa ukiongea na kila mtu. Kwangu mimi hata kusalimia ilikuwa kazi.

Halafu Madam akatupa insha: tuandike kuhusu umoja, tukitumia misemo mitano. Hadithi ulikuwa nayo wewe. Ilikuwa ya wale madereva wawili, mmoja wa Mombasa na mmoja wa Kigali, waliokwama ubavu kwa ubavu siku nne za mvua. Siku ya kwanza walitukanana kwa sababu ya nafasi. Siku ya nne walikuwa wanapikia jiko moja chini ya trela. Uliijua kwa sababu uliwauliza. Mimi nilikuwepo siku hiyo hiyo, nikimimina chai, na sikuinua macho.

Tuliitunga tukitembea. Wewe ulisema kitu kilichotokea, mimi nikatafuta Kiingereza chake, tukairudia sentensi mpaka ikakaa, tukasonga kwa lori linalofuata. Tulipofika mwisho wa foleni insha ilikuwa imekwisha. Nyumbani kila mmoja alikaa upande wake wa meza akaiandika yote katika daftari lake. Haikutupitia akilini kwamba kuna ubaya. Kilichokuwa changu kilikuwa chako siku zote, mpaka soksi.

Juma lililofuata tuliitwa ofisini. Madam alikuwa ameyafungua madaftari yetu mawili, moja kando ya lingine. Neno kwa neno. Alisema hajawahi kusoma insha nzuri hivyo kutoka kidato cha pili, akanitazama mimi. Hakuna mwalimu aliyewahi kunitazama namna ile.

"Apio, wewe ndiye mkubwa. Hii ni ya nani?"

Uligeuka ukaningoja. Ulikuwa hata unatabasamu kidogo, kwa sababu jibu lilikuwa rahisi.

Nikasema, "Ni yangu, Madam."

Nimelitafuta neno la kujitetea kwa miezi yote hii na sijalipata. Sikuogopa kiboko. Nilitaka tu, mara moja katika maisha yangu, kitu kisichogawanywa mara mbili. Nimezaliwa na mwenzangu, nikabatizwa na mwenzangu, kila nguo yangu imekuwa na dada yake. Madam alipolishika daftari langu niliona kitu chenye jina langu peke yake, nikakinyakua. Hukubisha. Ulipewa sifuri, na darasani wakaanza kukuita Fotokopi.

"Fotokopi, leo umetoa nakala ngapi?"

Wewe uliyekuwa na jibu kwa kila dereva, hukuwajibu. Nami nilikuwa nimeketi hapo hapo, dawati moja na wewe, nikisoma kitabu ambacho sikumbuki kilikuwa kinahusu nini. Tulipokuwa tukienda nyumbani uliniambia, "Sawa tu. Wacha iwe yako." Tangu siku hiyo ukawa unatembea mbele.

Likizo ilipofika, shangazi akaja kutoka Tororo kuomba msichana mmoja wa kukaa naye, maana nyumba imekuwa kubwa kwake tangu mumewe afariki. Alikuja na leso mbili za rangi moja, ingawa alitaka mtu mmoja. Mama akasema, "Hawa huwezi kuwatenganisha, wataniugulia."

"Nitaenda mimi," ulisema kutoka jikoni.

Mama alidhani umependa shule za huko. Baba alidhani umekua. Mimi peke yangu nilijua, na nikanyamaza tena.

Sasa Jumapili tunaongea kwa simu ya shangazi. "Uko sawa?" "Niko sawa." "Shule?" "Iko." Kisha unampa shangazi simu. Baadaye mimi hukaa na ile orodha ya misemo. Bado ninayo, na mingine nimeiongeza kutoka vitabu vya maktaba. Ninayo mingi kuliko mtu yeyote hapa shuleni, lakini sina wa kumsomea. Nikifika kwenye wowote ule nasikia mahali ambapo ungenikatiza, nangoja, halafu naendelea na unaofuata.

Wiki iliyopita Madam aliniita. Wanataka kuichapisha insha ile katika jarida la shule. "Tutaweka jina lako hapa chini," akasema, akanionyesha kwa kidole. Nilisema asante. Nilitoka, nikafika bombani, nikarudi. Nilimweleza yote: hadithi ilikuwa ya Adongo, Kiingereza kilikuwa changu, hakuna aliyemwiga mwenzake, na mimi ndiye niliyedanganya.

Akaiweka kalamu chini. "Na kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilitaka kuwa na kitu changu, Madam."

"Sasa unacho?"

Alisema sifuri yako itafutwa hata kama umeshahama, na kwamba insha itatoka ikiwa na majina mawili au haitatoka kabisa. Nikamwambia la jina lako siwezi kulijibia mimi. Nilishakujibia mara moja. Nikaomba kwamba kwa sasa katika nafasi ile ichapishwe barua hii, ili wote waliokuita Fotokopi waisome, na wajue ni nani aliyestahili kuchekwa. Amekubali.

Hutaisoma kwanza kwenye jarida. Jumamosi nitavuka daraja nikiwa nayo mkononi. Nimemkataza mama asinisindikize, na shangazi nimemwomba asije kunipokea. Njia sijui. Nitauliza watu, mmoja mmoja, mpaka nifike. Nikibisha hodi usiogope, sikuja kukurudisha Malaba. Nitakusomea hii mpaka mwisho kwa sauti yangu mwenyewe, hapo hapo mlangoni kama hutaki niingie. Kisha nitanyamaza, na zamu itakuwa yako kusema kama insha itoke na majina yetu mawili. Ukisema hapana, nitaipeleka hapana hiyo kwa Madam kama ulivyoisema.

Ni mimi, pacha wako uliyemsamehe kabla hajaomba,
Apio