Kisu cha Mume Wangu Nimekishonea Ndani ya Ala

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo ambalo ukoo mzima utalizungumza, maana nimeolewa miaka kumi na tisa na mume wangu ni fundi wa friji, mtu wa kazini na nyumbani, baa haijui, halafu mwaka huu ghafla bin vuu kanunua kayaki, kile kijitumbwi cha plastiki cha kukaa mtu mmoja, eti anakwenda kuvua ziwani kila Jumamosi, nami nikasema haya, bora samaki kuliko mambo mengine.

Kilichonitia wasiwasi ni kisu. Jaketi la kujiokolea alinunua, hilo sina neno nalo, lakini wiki ya pili akaja na kisu kifupi chenye ncha butu ndani ya ala ya turubai, akakifunga kifuani kwenye jaketi kama askari, nikamuuliza, "Baba watoto, hicho cha nini?" akasema, "Cha dharura." Nikamuuliza ni dharura gani inayompata mtu anayevua samaki, akacheka, akaomba chai. Sasa mshauri, mwenye jibu hutoa jibu, haombi chai. Na kisu kisicho na ncha utampasulia samaki gani? Siku moja nilitaka kukatia uzi, akaninyang'anya mkononi akasema hicho hakiguswi, yeye ambaye mikasi yangu ya kitambaa anafungulia makopo ya rangi.

Nikamweleza shoga yangu anayeuza vitambaa mlango wa pili kutoka kwangu, akasema kikulacho ki nguoni mwako, kisu cha mvuvi lazima kitumike, kisipotumika basi hakuna uvuvi, kuna mtu. Akaniambia nichunguze kimyakimya. Mimi ni fundi cherehani, nikatumia nilichonacho. Ijumaa nikalichukua lile jaketi, huwa linaning'inia nyuma ya mlango wa stoo, nikapiga bandi uzi mmoja mwembamba kutoka kwenye tundu la mpini hadi kwenye ala, mweusi juu ya mweusi, ili akikichomoa tu uzi ukatike nijue. Jumamosi akarudi na samaki wawili na uzi mzima. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu nikaukuta umekatika, nikafurahi hata nikampikia anachokipenda, lakini shoga akasema uzi mwembamba hukatika kwa msuguano wa mkono tu, huo si ushahidi. Basi nikashona kwa nailoni ya kushonea mabegi, mikunjo mitatu, fundo nikalificha ndani asilione.

Jumamosi iliyopita ilikuwa ya tano tangu niweke nailoni, na haina hata mkwaruzo. Kila akitoka anavaa jaketi, anapapasa kifuani, akishagusa mpini anaondoka akipiga mluzi, na jioni samaki wanafika wamekwisha kupasuliwa na kusafishwa kama wa kununua. Wamepasuliwa na nani? Kwenye ndoo yake ya chambo nimekagua, hamna kitu zaidi ya kile kisu chetu kibovu cha jikoni, chenye mpini uliofungwa mpira, nilichokitafuta mwezi mzima, kimejaa magamba mpaka kinanuka.

Mshauri, nimechoka kufanywa mjinga. Nataka kuwaita kaka zake niwawekee jaketi mezani, waone uzi ulivyo mzima, aseme Jumamosi huwa anashinda kwa nani. Shoga anasema kaka zake watamtetea, nifungashe tu niondoke. Niwaite au nifungashe? Jina langu usilitaje, na namba ya simu sikuweka makusudi, maana simu yangu huwa anaipokea yeye.

Ni mimi, Fundi Mwenye Ushahidi.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, kabla hujaendelea kusoma, weka gazeti chini, chukua wembe, nenda nyuma ya mlango wa stoo ukaufumue huo uzi. Wote. Nakungoja hapa.

Umeshafumua? Haya, kaa tuzungumze.

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza nilikuonea huruma, kwa sababu hakuna mke anayependa kujibiwa swali kwa kikombe cha chai. Niliporudia, habari za ndoa niliziacha, nikabaki na ule uzi. Nikampigia simu jamaa mmoja anayefundisha watu kupiga kasia, nikamsomea kipande cha uzi. Habari za ndoa yako hakuziuliza. Aliuliza, "Ametumia uzi gani?" Nikamwambia nailoni ya mabegi, mikunjo mitatu. Akasema, "Mwambie huyo mama kile kisu si cha samaki. Ni cha kamba."

Sikiliza alivyonieleza. Kayaki ni nyepesi, na mvuvi anakaa katikati ya mishipi na kamba ya nanga. Nanga ikinasa kwenye mwamba huku maji yanasukuma, kamba inakaza, upande mmoja unazama, na mtu anapinduka. Kamba ikiwa imemzunguka mguu, jaketi linamvuta juu na nanga inamvuta chini. Hapo ana mkono mmoja na pumzi moja. Mkono unakwenda kifuani, unachomoa kisu, unakata. Kimefungwa kifuani ili mkono wowote ukifikie, kulia au kushoto. Ncha imefanywa butu ili asijichome akiwa anahangaika. Amekukataza kukatia uzi ili makali yasipungue. Kisu cha aina hiyo kinaweza kukaa miaka bila kutoka kwenye ala, na mwenyewe akashukuru.

Samaki anawapasua kwa kile cha mpira, mama. Umekiona kwa macho yako kimejaa magamba, ukakiandika kwa mkono wako, na bado unaniuliza. Ulikuwa unatafuta mwanamke, ndiyo maana magamba hukuyatia maanani.

Sisemi mumeo ni malaika. Simjui. Na yeye ana kosa lake, maana nahisi alijua akikueleza habari za kupinduka utamzuia asiende, akaona heri acheke. Huo ni woga, na umewaponza nyote wawili. Lakini kuuliza si ujinga, na wewe uliuliza mara moja tu, baada ya hapo ukaanza upelelezi.

Sasa fanya hivi. Ukishafumua, kichomoe kisu mara kumi kwa mkono wa kulia na mara kumi kwa wa kushoto. Kikikwama hata mara moja, au vitundu vya sindano yako vikiwa vimeanza kuchanika, ala hiyo tupa, inunuliwe nyingine, na usiishone wewe. Halafu mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, leo, kaka zake wakiwa makwao. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka atosheke, usijitetee kwa habari za shoga. Akitulia, mwambie kupapasa mpini hakutoshi. Kila Jumamosi kabla hajaingia majini akichomoe chote, akione, akirudishe. Kwa shoga yako endelea kununua vitambaa, na ushauri mwachie dukani. Na kama bado una mashaka, Jumamosi chukua kazi yako ya mkono, nenda naye, kaa ufukoni uone anavyovua. Macho yako yana haki ya kuona. Ila mtego hauwekwi kwenye kitu ambacho mwenzako anategemea kubaki hai.

Kuna jambo moja limeninyima raha. Wiki ya tatu uliukuta ule uzi mwembamba umekatika. Ulifurahi, ukapika, ukamtazama akila, na hukumuuliza siku ile ziwani kulikuwaje. Pengine ni msuguano, kama alivyosema shoga. Pengine siku ile alikihitaji kisu, na kilitoka kwa sababu uzi ulikuwa mwembamba. Muulize.

Barua yako ilifika mezani kwangu Alhamisi. Ukurasa huu hutoka Jumapili. Katikati pana Jumamosi, na namba ya simu hukuweka. Nilimsumbua mhariri mpaka akakubali, gazeti la Ijumaa likatoka na mstari mmoja chini ya ukurasa wa kwanza: "Fundi cherehani uliyekishona kisu, kifumue leo." Waliopiga simu kuuliza maana yake ni wengi, wewe hukuwamo. Sijui kama Ijumaa huwa mnanunua gazeti. Jana nimeshinda ofisini, siku ambayo si yangu ya kazi, nikiangalia upepo unavyotingisha waya za umeme dirishani. Niandikie neno moja tu, hata bila jina, kwamba amerudi.