Masikio Yako na Miguu Yangu

Sheffield, Jumanne baada ya alasiri

Kaka yangu Athman,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Salamu hii ningekupa kwa simu ungesema "Nini?" mara tatu, kisha ungempa mwanao Mwanaesha simu ukaondoka. Kwa hiyo nakuandikia. Mato yako, alhamdulillahi, bado yanaona, na herufi nimezikuza kusudi.

U hali gani? Usinijibu ile "salama" ya kumfukuzia mtu. Nauliza hali yenyewe: kichwa, kifua, usingizi, chakula. Kile kizunguzungu cha asubuhi kimeondoka? Miguu yafura? Mimi niko hai. Mengine ndiyo niliyokalia kukuandikia, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho, usije ukaikunja ukaitia chini ya mto kama unavyofanya na vidonge.

Ndiyo, nimesikia. Mwanaesha kaniambia yote, na usimgombeze mtoto. Mimi ndiye niliyembana. Lakini kabla sijakusema wewe, wacha nijiseme mwenyewe, maana nimekuficha jambo tangu Shaabani.

Wajua nilikuja huku kulea. Salim alikuwa na watoto wawili wadogo, mkewe kazini, nikaambiwa, "Mama, njoo utusaidie." Nikaja. Niliwaogesha, niliwafunza Alhamdu, niliwapikia, niliwapeleka skuli mkono huu na mkono huu. Sasa wamekuwa wakubwa. Mmoja yuko chuo mji mwingine, mwenziwe akirudi huingia chumbani na kufunga mlango. Salim anaendesha basi, hutoka alfajiri. Mkewe analea wazee wa watu katika nyumba yao ya wazee, hurudi amechoka hata kijiko hakiinui. Hakuna aliyenitesa, kaka, usije ukamlaumu Salim. Nilikaa tu. Nilikuwa na kiti changu karibu na dirisha, chai yangu ya vijiko vitatu vya sukari, mkate wangu, na televisheni ambayo nusu ya maneno yake siyajui. Kukaa hakuumi, na ndiyo ubaya wake. Miaka mitatu nilikaa, nikawa naondoka kitini kwenda chooni na kwenye msala, basi.

Siku moja, katika huo mwezi wa Shaabani, nilisali adhuhuri peke yangu nyumbani. Kwa kuwa magoti yalikuwa yakiniuma nilikuwa nasali juu ya kiti, lakini siku hiyo roho ikataka kusujudu chini, paji la uso lifike. Nikasujudu. Nilipotaka kuinuka, miguu ikakataa. Haikuuma. Ilikataa tu, kama punda aliyeketi kichochoroni. Nikajaribu mikono, nikaanguka ubavu. Simu ilikuwa jikoni, naisikia inalia, siwezi kuifikia. Nilijikokota mpaka kwenye mlango wa chumba, nikachoka, nikalala pale. Udhu ulinitoka, kaka. Mengine nakustahi, wewe ni mkubwa wangu. Salim aliponikuta magharibi imeingia, nikajifunika uso na mtandio. Alinibeba kama mimi nilivyombeba yeye, na alikuwa analia, na mimi nilikuwa namwambia, "Usiwashe taa."

Hospitali walinipima kila kitu. Sukari imepanda. Mguu wa kushoto una damu iliyoganda, nimepewa dawa yake. Lakini daktari, mwanamke wa makamo, mpole, akasema kilichoniangusha si ugonjwa mkubwa. Misuli ya mapaja imekwisha kwa kutotumiwa. Walimpigia simu mkalimani, mwanamume wa Kongo, wakaiweka simu juu ya kitanda tukawa tunazungumza naye kama jini wa kwenye chupa. Kiswahili chake cha kwao, tungekuwa kwetu Amu tungecheka. Daktari akauliza maswali mengi, nakula nini, nalala vipi. Halafu yule Mkongo akasema:

"Mama, munganga anauliza, ni kitu gani kinakufurahisha?"

Nikaitazama ile simu.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu."

"Ni kitu gani kinakufurahisha, mama?"

Nilitafuta, wallahi nilitafuta, kama mtu anayepekua sanduku tupu. Nikaanza kulia, na yule mwanamume kwenye simu akasema taratibu, "Lia, mama. Mimi niko hapa, sikati." Mtu nisiyemjua uso.

Jibu lilinijia siku ya tatu, nikiwa bado pale wodini. Nilitaka kukaa na mtu anayenijua tangu sina meno. Si wajukuu, wao wananijua mzee. Nataka mtu wa kuniambia, "Zena, wewe tangu mdogo ulikuwa mwongo." Duniani wa kuniambia hivyo amebaki mmoja. Aisha amekufa, Bwanamkuu amekufa, ndugu zetu wote. Umebaki wewe.

Nikaapa nitarudi Amu. Nikaletewa msichana wa kunifunza kuinuka. Kazi yake ni hiyo, kaka, kuwafunza wazee kuinuka kitini! Mara tano asubuhi, mara tano jioni, bila kushika kitu. Siku ya kwanza niliinuka moja na nusu. Alinipigia makofi nikaona haya. Kisha tukatoka nje, mpaka kwenye geti, siku nyingine mpaka kwenye sanduku la posta. Sukari kwenye chai nimeacha, na chai bila sukari ni dawa ya minyoo, lakini naimeza. Nilikuwa namhesabia siku Salim, namwambia, "Nikifika kituo cha basi kwa miguu yangu, nikatie tiketi."

Hapo ndipo Mwanaesha aliponipigia.

Aliniambia habari ya Alhamisi ile. Kwamba ulikuwa unatawadha, muadhini mpya akaadhini wewe hukusikia, ukaingia ukasimama mahali pako pa miaka yote ukaadhini tena, mwanzo mpaka mwisho, watu wakiwa tayari kwenye sunna. Amesema sauti yako ilikuwa nzuri vilevile. Na ulipogeuka ukaona nyuso, na mmoja nyuma akicheka. Amesema ulikunja kanzu yako vizuri, ukavaa viatu, ukaenda nyumbani, na tangu siku hiyo hujatia mguu msikitini wala hujakaa dakani, pale barazani mlangoni pako. Mlango umeufunga kwa ndani.

"Shangazi," akaniambia, "na jana nimetandika kitanda chake nikakuta vidonge vya presha chini ya mto."

"Vingapi?"

"Vya mwezi mzima."

"Ukamuuliza?"

"Nilimwandikia kwenye daftari. Akasema, 'Kula mtu na ndia yake, Mwanaesha. Yangu imefika. Niwatani nende kwa adabu.'"

Nilipiga simu ya picha. Wakumbuka? Mwanaesha alikuwekea simu mbele ya uso, ukanitazama, ukageuza shingo ukaangalia ukuta. Nilikuita. Nilipiga kelele, "Kaka! Kaka!" mpaka jirani wa huku akagonga ukuta. Wewe ulikuwa unatazama ukuta wako na mimi nasikia wangu ukigongwa. Kisha ukanyanyuka ukaondoka kwenye picha, nikabaki naona mto na nusu ya kanzu iliyotundikwa.

Kesho yake nilikwenda kwa daktari nikamwambia nataka kupanda ndege wiki hiyo hiyo. Akakataa. Ile damu ya mguuni ikisafiri mpaka kwenye mapafu, akasema, siwezi kushuka hai. Labda baada ya miezi mitatu, labda zaidi. Nikamwambia kwa mdomo wa Salim, "Kaka yangu atakufa." Akanitazama, akasema, "Na wewe ukifia angani, itamsaidia nini?" Nilimchukia siku ile. Salim alinishika mkono mpaka kwenye gari na mimi sikumsemesha ndia nzima.

Sasa nisikilize, kwa mato yako.

Wewe wasema tukuwate, tukuache wende kwa adabu. Presha haina adabu, Athman. Umemsahau babetu? Hakulala akafa. Ilimpiga upande mmoja, akalala miaka miwili mdomo umekwenda kando, anataka maji anasema "mama", anataka kugeuzwa anasema "mama". Wewe na mimi tulikuwa tukimgeuza. Wewe ulikuwa ukilia ukutani nikikuona, ukidhani sikuoni. Huo ndio uendako na hivyo vidonge chini ya mto, na atakayekugeuza ni Mwanaesha peke yake, maana mimi niko huku na mguu wangu.

Na kuna jambo sijamwambia mtu, si Salim, si daktari. Nilipokuwa nimelala pale mlangoni, mara ya kwanza niliogopa. Kisha woga ukaniondoka. Nikajiambia, labda ndiyo hii. Sitapika tena chakula cha mtu mmoja. Sitamsumbua mtu tena. Na nikaona raha, kaka. Nilishusha pumzi nikaona raha tamu, laini, kama usingizi wa baada ya chakula. Mlango ulipofunguliwa na Salim akaita, kitu cha kwanza nilichohisi ni kukasirika kwamba nimeamshwa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo kuliko kuanguka kwenyewe. Kwa hiyo nilipoona uso wako kwenye simu niliujua. Uso huo niliuvaa mimi. Usiniambie ni subira, usiniambie ni kumuelekea Mungu. Mungu hakutuambia tukae tungoje, na mwili ni amana, wewe ndiye uliyenifunza neno hilo.

Daktari wa masikio aliyekuja Amu alisema kifaa kitakusaidia. Wewe ukasema hutaki kidude sikioni kama redio mbovu. Mimi natembea na fimbo ya bati yenye mpira chini, inalia kwaku kwaku, watoto wa mtaani wananigeukia. Basi nitembee nayo mimi na fimbo, wewe ukatae kidude? Haya ya nini, na sisi tumebaki wawili?

Jana nilikuwa sina la kufanya nikafanya la wazimu. Nilimpigia imamu wenu. Namba nilimtaka Mwanaesha bila kumwambia sababu. Nilikuwa nimejaa hasira, hata salamu nilimtolea kwa meno. Nikamwambia, "Maalim, mtu mzima ameadhini hapo tangu wewe hujazaliwa. Amekosea siku moja, mkamcheka. Siku zote hizi hamna hata mmoja wa kumjulia hali?"

Akasema, "Bi Zena, tumekuja."

"Mmekuja wapi?"

"Kwake. Mara tatu. Baada ya alasiri, mimi na muadhini na wazee wawili. Tumebisha, tumeita hodi mpaka jirani akatoka. Hakufungua. Tukadhani ametukasirikia, hataki kutuona. Mara ya tatu yule muadhini alikuwa analia."

Baada ya alasiri, kaka. Mwanaesha yuko madrasa anasomesha. Wewe uko chumba cha ndani.

Nimekaa na simu mkononi sijui nicheke au nilie. Wewe umelala mle ndani unahesabu siku ambazo hakuna aliyekuja, na watu wamesimama dakani kwako wamevaa kanzu zao, wanabisha.

Nakuomba kwa jina la mama yetu aliyetuzaa. Meza vidonge leo, usingoje kesho. Ng'onda na samaki wote wa chumvi uwaache, Mwanaesha atakupikia wabichi. Kidude sikioni ukitie, ukikivua usiku shauri yako. Mimi nitainuka kitini mara tano, na kesho mara sita, na mguu ukinipa ruhusa nitashuka kwenye ndege pale Manda mchana kweupe, na nataka nikukute umekaa nje, unigombeze kwa kuchelewa.

Nisalimie Mwanaesha, mwambie shangazi yake anamshukuru na asiogope kuwa msema kweli. Mumewe, Bwana Kassim wa boti ya Manda, mpe salamu na umwambie aniwekee nafasi ya kukaa, siwezi tena kusimama chomboni. Jirani yako Bi Rukia, aliyetoka kusikia hodi, mwambie namwomba awe anaingia bila kubisha. Salim na mkewe wanakuamkia, na wajukuu pia, kwa lafudhi yao.

Barua hii itakufikia mchana, maana posta ya kwetu hugawa mchana, wajua. Ukimaliza kuisoma usiiweke kando ukalala. Inuka. Alasiri iko karibu, na Maalim ameniahidi watakuja tena, kila siku watakuja. Hutawasikia.

Nenda kaufungue mlango, kaka, uuache wazi.

Mimi nduguyo,
Zena