Waya Kutoka Kanisani

Yamumbi, Eldoret
9 Machi 1988

Ndugu yangu Walubengo,
Nakusalimu kutoka kitandani. Mama Nasambu na watoto hawajambo? Mgongo wangu ni uleule tangu nianguke kutoka paa la kanisa, lakini nakula.

Nina habari. Isaiah, yule fundi wa redio, ameweka kamera ya video kanisani, akavuta waya kupitia ua mpaka kwenye televisheni hapa chumbani. Si kanda. Wakisimama kuimba, nawaona hapo hapo wakisimama. Chifu alikuja kuuliza hiyo waya inapeleka maneno wapi. Akaonyeshwa mimi nimelala, akaenda zake. Jumapili nilimwona kila mtu. Nililia.
Nduguyo, Ephantus

Webuye
23 Machi

Ndugu Ephantus,
Sisi wazima, mvua imeanza. Tumefurahi sana. Sasa huna haja ya kungoja watu watoke ndio wakuhadithie mahubiri. Mama Virginia bado anaimba kushinda kwaya nzima?
Nduguyo, Walubengo

Yamumbi
14 Juni

Ndugu Walubengo,
Natumaini mko salama. Samahani kwa kunyamaza. Virginia bado anaimba.

Zamani ibada ikiisha chumba hiki kilijaa. Mmoja ananiambia mahubiri, mwingine anamkosoa, Virginia anamimina chai. Sasa baraka ikitolewa naona migongo ikitoka, halafu viti vitupu, mpaka Isaiah azime. Hakuna anayekuja. Nilimtuma mtu amuulize Virginia kwa nini. Akajibu kwa upole, "Lakini Mzee, si ulikuwa nasi?"

Jumapili Warigia aliinua mtoto wake mchanga mbele ya kamera nimwone. Nikampungia mkono. Usinicheke.
Nduguyo, Ephantus

Webuye
28 Juni

Ndugu Ephantus,
Pole. Sicheki. Waambie watoe hiyo waya.
Walubengo

Yamumbi
17 Julai

Ndugu Walubengo,
Habari za huko? Nilimwambia Isaiah aitoe. Akauliza, "Kwani picha ni mbaya?" Nikamwambia ni nzuri sana. Akaikunja.

Leo nilivaa shati safi. Nilimwomba Nyaguthii, dada yangu anayenitunza, apike chai nyingi. Nyimbo zikaisha, nikasikia miguu ikipita dirishani, ikaenda hadi barabarani. Wameshazoea kwenda nyumbani moja kwa moja. Tulikunywa wawili. Iliyobaki aliimwaga.
Nduguyo, Ephantus

Webuye
27 Julai

Ndugu yangu,
Hali yako sitauliza, nitaiona. Nimepata ruhusa kazini. Jumapili nitakaa hapo kanisani nisikilize vizuri, halafu nije nikuhadithie. Tafadhali usimuulize mtu mwingine mahubiri yalikuwa ya nini kabla sijafika.
Nduguyo, Walubengo