Vumbi la Njia ya Malori

Mpendwa mjukuu wangu Wambui,

Nakusalimu katika jina la Bwana. U mzima huko Kisumu? Sisi tuko salama. Mama yako Njeri amepona jino, na ng'ombe amezaa.

Umeuliza kama miti mnayotaka kupanda shuleni itazuia vumbi la barabara. Ngoja nikwambie yetu ya hapa Kangemi, miaka ya sitini, mama yako akiwa mtoto mchanga.

Malori ya mawe yalipita mbele ya nyumba, vumbi likaingia hadi kwenye uji. Mama yako alikuwa na kifua kibaya, nami niliogopa kumpoteza. Kilichotusaidia ni mstari wa misaiprasi kando ya njia, matawi yakigusa chini. Basi babu yako akayakata yale ya chini tupate kuni, kama walivyofanya majirani wote. Wiki hiyo hiyo kikohozi kikazidi.

"Baba Njeri, umelifungulia vumbi mlango," nikamwambia.

"Mlango gani? Miti si iko pale pale?"

"Iko, lakini umeivua suruali!"

Alicheka, kisha akainama akatazama. Kesho yake alileta miche ya kayaba, ile yenye miiba, tukapanda ua chini ya misaiprasi. Ulikawia kukua, nami nikazidi kuomba. Uliposhonana, majani ya upande wa njia yalikuwa mekundu kwa vumbi, ya upande wetu kijani. Vumbi halikuisha, ila lilipungua, na mama yako akaanza kulala usiku kucha.

Kwa hivyo pandeni, mwanangu, mirefu na mifupi pamoja. Niandikie upesi uniambie mwalimu amesemaje.

Nyanya yako